Wakati haukusimama Sarlat

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nipinge msemo mmoja ambao waandishi wetu wa habari za safari wameuzoea mno. Kila wanapoelezea mji wa kale wa vijijini Ufaransa, hawafiki aya ya tatu kabla hawajatuambia kwamba huko "wakati umesimama". Mimi naishi Bordeaux kwa mwaka wa sita sasa, na mji wa Sarlat, ulioko karibu na bonde la mto Dordogne kusini-magharibi mwa nchi, nimeutembelea mara mbili, kwanza Agosti kisha Februari. Baada ya safari hizo, nasema bila kusita kwamba msemo huo ni wa uvivu, tena unawanyima haki watu waliohangaika kuusimamisha mji ule usianguke.

Kufika Sarlat si kazi. Treni ya mkoa inaondoka katika stesheni ya Saint-Jean hapa Bordeaux, inapita katikati ya mizabibu ya Saint-Émilion na Bergerac, halafu inaufuata mto Dordogne hadi mwisho wa reli, safari ya zaidi ya saa mbili na nusu. Stesheni iko mbali kidogo na mji wa kale, hivyo msafiri huteremka kwa miguu kama dakika ishirini akiwa na mzigo wake, kisha hujikuta katika barabara iliyonyooka kama rula, Rue de la République, ambayo wenyeji wanaiita Traverse, yaani mkato. Barabara hiyo haikuwapo katika mji wa awali. Ilikatwa katika karne ya 19, ikapasua mji wa kale vipande viwili na kuvunja nyumba zilizokuwa njiani, kwa sababu viongozi wa wakati ule walitaka magari ya farasi yapite bila kukwama katika vichochoro. Kwa hiyo hatua ya kwanza kabisa ya mgeni katika mji ambao eti wakati umesimama, anaikanyaga juu ya kovu la bomoabomoa.

Upande wa mashariki wa Traverse ndiko kuliko na uzuri unaopigwa picha. Kuta ni za mawe ya chokaa yenye rangi ya asali, ambayo jua la jioni huyageuza kuwa karibu ya dhahabu. Mapaa ni makali mno kwa mteremko, yameezekwa kwa mabamba ya mawe yanayoitwa lauze, ambayo hulazwa moja juu ya jingine na kukaa kwa uzito wake. Mita moja ya mraba ya paa la namna hiyo hubeba zaidi ya nusu tani ya mawe, na ndiyo maana kenchi za ndani ni magogo mazito ambayo fundi wa leo akiyaona hutikisa kichwa. Nyuma ya kanisa kuu umesimama mnara wa mawe wa mviringo wa karne ya 12, uliochongoka kama risasi, unaoitwa Taa ya Wafu. Wanahistoria hawajakubaliana ulikuwa wa kazi gani. Masimulizi ya mji huuhusisha na ziara ya mtawa Bernard wa Clairvaux mwaka 1147, ambaye inasemekana alibariki mikate ikaponya wagonjwa.

Utajiri uliojenga majumba hayo ulikuja kwa vipindi, na kila kipindi kiliharibu kitu na kujenga kingine. Sarlat ilianza kama makazi yaliyoizunguka abasia ya watawa wa Mtakatifu Benedikto, ikapewa askofu wake mwaka 1317, ikakabidhiwa kwa Waingereza kwa mkataba wa Brétigny wa mwaka 1360, ikarudi kwa Wafaransa, na Vita vya Miaka Mia kati ya Wafaransa na Waingereza vilipomalizika mwaka 1453 wafanyabiashara na mahakimu wake wakaanza kushindana kwa majumba ya fahari. Nyumba maarufu kuliko zote, iliyojengwa miaka ya 1520 ikitazamana na kanisa kuu, ni ya baba yake Étienne de La Boétie, mwandishi aliyezaliwa Sarlat mwaka 1530 na ambaye baadaye alifanya kazi ya uhakimu hapa Bordeaux, akawa rafiki wa chanda na pete wa Montaigne, mwandishi maarufu wa insha, akafa mwaka 1563 akiwa na umri wa miaka 32. Kanisa kuu lenyewe ni mabaki ya mnara wa zamani yaliyoshonewa jengo jipya, ambalo ujenzi wake ulianza mwanzoni mwa karne ya 16 na kukokotwa hadi mwishoni mwa karne ya 17. Kisha yakaja Mapinduzi ya Ufaransa. Mwaka 1790 mji ulipoteza askofu wake, na pamoja naye mapato, wateja na heshima, ukabaki mji mdogo pembezoni mwa njia kuu, na hata reli iliufikia karne ya 19 ikielekea ukingoni.

Hapa ndipo ninapotaka waandishi wetu waangalie kwa makini. Kilichoziacha nyumba zile zikiwa zimesimama kwa zaidi ya karne moja ni ufukara. Mwenye fedha huvunja akajenga upya, naye asiye nazo huziba tundu la paa na kusubiri. Kusubiri huko kulikuwa na mwisho wake, kwani kufikia katikati ya karne ya 20 nyumba nyingi zilikuwa na unyevu, zimegawanywa vyumba vidogo vidogo, na baadhi zinaelekea kuanguka. Kama wakati ungeachwa uendelee na kazi yake, leo tusingekuwa na cha kupiga picha.

Kilichouokoa mji ni sheria yenye tarehe. Ufaransa ilikuwa tayari na sheria ya mwaka 1913 ya kulinda jengo moja moja la kihistoria, na ya mwaka 1943 iliyolinda mazingira ya jengo hilo kwa umbali wa mita 500. Ile ya tarehe 4 Agosti 1962, inayojulikana kwa jina la André Malraux, waziri wa utamaduni wa wakati huo, ndiyo iliyoruhusu mtaa mzima ulindwe kama kitu kimoja, nyumba ya tajiri na kibanda cha mshona viatu kwa pamoja. Sarlat ilitangazwa eneo la hifadhi mwaka 1964, miongoni mwa miji ya mwanzo kabisa, na mafundi wakaingia kazini. (Msomaji anayependa kejeli za historia atafurahi kujua kwamba Malraux huyo huyo, akiwa kijana, alikamatwa Kambodia kwa kukata na kuiba sanamu za mawe za hekalu la Banteay Srei, na mwaka 1924 mahakama ya Phnom Penh ikamtia hatiani. Thamani ya mawe ya kale aliijua mapema.)

Sheria hiyo inafanyaje kazi katika maisha ya kila siku? Nililielewa hilo nyumbani kwa bibi mmoja aliyenipangisha chumba mwezi wa Februari. Dirisha la sebule yake lilikuwa limeoza, naye akataka kuweka jipya la plastiki, ambalo ni rahisi kwa bei na huzuia baridi vizuri. Katika eneo la hifadhi haiwezekani kubadilisha dirisha linaloonekana nje bila kuomba kibali katika ofisi ya manispaa, na kibali hakitoki bila ridhaa ya msanifu majengo wa serikali anayesimamia urithi. Msanifu alikataa plastiki. Alitaka mbao, tena zenye migawanyo ya vioo inayolingana na umri wa nyumba, na rangi iliyo katika orodha iliyoidhinishwa. Bibi alinionyesha makaratasi hayo kwa hasira iliyochanganyika na fahari, akasema kwamba nyumba ni yake lakini sura ya nyumba ni ya Ufaransa. Anayekarabati jengo zima la kupangisha katika eneo kama hilo hupunguziwa kodi ya mapato, hadi asilimia 30 ya gharama zinazokubalika, lakini nafuu hiyo humfaa mwenye kodi kubwa ya kupunguziwa, na bibi wa pensheni hayumo.

Wala sheria haikukataza mambo mapya. Katikati ya mji kuna kanisa la Sainte-Marie, ambalo baada ya Mapinduzi liliuzwa, likakatwa sehemu ya madhabahu, na kwa muda likawa kiwanda cha shura, ile chumvi ya kutengenezea baruti. Leo ni soko. Aliyelibadilisha ni Jean Nouvel, msanifu majengo mwenye sifa duniani, ambaye alikulia Sarlat. Alilitia milango miwili ya chuma yenye urefu wa mita zipatazo 15, na baadaye ikaongezwa lifti ya vioo inayompandisha mgeni ndani ya mnara hadi juu ya mapaa. Nilipoiona milango ile mara ya kwanza niliichukia. Mara ya pili, asubuhi ya Jumamosi yenye ukungu, wachuuzi wakiisukuma ili wapange jibini na kokwa zao za jozi, niliona kwamba jengo lililokwisha kuwa kanisa, kiwanda na soko halina sababu ya kuona haya kwa mlango.

Soko la Jumamosi, na lile dogo la Jumatano, ndiyo sababu tosha ya kwenda majira ya baridi. Wakati huo huletwa trufi, uyoga mweusi unaochimbwa chini ya mialoni na kuuzwa kwa mamia ya euro kwa kilo, na wauzaji hukuruhusu kuunusa kabla ya kukukumbusha kwa macho kwamba hujanunua. Bata bukini nao wana uwanja wao, wenye sanamu tatu za shaba ambazo watoto huzipanda. Watoto hao hawaambiwi kwamba ini maarufu la huku hupatikana kwa kumshindilia ndege mahindi kooni. Mimi sikulila.

Kuhusu Agosti sina mengi ya kusema. Mji una wakazi wapatao 9,000, na siku hizo hukuweza kusimama kutazama paa bila kusukumwa na mtu anayetafuta aiskrimu. Ila pale niliyakumbuka mapango ya Lascaux, yaliyoko Montignac, kama kilomita 25 kutoka Sarlat, yenye michoro ya wanyama ya maelfu ya miaka. Yaligunduliwa mwaka 1940, yakafunguliwa kwa wageni mwaka 1948, na pumzi za watu, kwa unyevu na hewa ukaa, zikaotesha mwani wa kijani ukutani hata Malraux akaamuru yafungwe mwaka 1963. Wageni sasa huonyeshwa nakala. Pango laweza kufungwa na nakala ikajengwa kando, lakini mji unakaliwa na watu wenye mabomba na watoto wa shule.

Au ulikuwa unakaliwa. Usiku mmoja wa Februari nilitembea katika vichochoro vya upande wa mashariki, baada ya mikahawa kufungwa, nikahesabu madirisha yenye taa. Katika kichochoro kimoja chenye nyumba zaidi ya ishirini nilipata matatu. Mengine ni ya nyumba za kupangisha watalii kwa wiki na za wenye nyumba wanaoishi mji mwingine. Upande wa magharibi wa Traverse, ambako ukarabati ulikwenda polepole na kuta bado zina madoa, nilisikia redio, nikanusa vitunguu vikikaangwa, nikapishana na mtu aliyebeba ngazi. Bunge la Ufaransa limekwisha kulitambua tatizo hili, kwani sheria ya Novemba 2024 imezipa manispaa nguvu zaidi za kudhibiti nyumba za kupangisha watalii, na kuziruhusu kupunguza siku ambazo mtu anaweza kuikodisha nyumba anayoishi kutoka 120 hadi 90 kwa mwaka.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, ombi langu ni dogo. Mwandishi wako atakayetumwa tena katika mji wa namna hii aende Februari, alale upande wa magharibi, aulize nani alilipia paa na mwaka gani, na jioni ahesabu madirisha kabla ya kuandika habari za wakati.

Nilipomuaga bibi yule, dirisha lake lilikuwa bado limefunikwa kwa turubai. Kibali kilikuwa kimekwisha kutoka, dirisha la mbao, rangi ya kijivu. Fundi ndiye aliyekuwa hajapatikana.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Bordeaux, Ufaransa