Bundi aliyerudishwa, na mikanda isiyochomoka

Desemba iliyopita mama mmoja alitutumia picha kwa WhatsApp: begi la mgongoni la mtoto lenye sura ya bundi, macho mawili makubwa kama visahani vya chai, mabawa yakifunika mifuko ya pembeni. "Fundi, nataka kama hili, mtoto anaanza chekechea Januari." Tukashona. Na tulijisifu, maana manyoya ya kifuani tuliyakata moja moja kutoka vitenge saba tofauti, tukayapanga kama vigae vya paa, safu ya juu ikiilalia ya chini. Mtoto alipolivaa alizunguka karakana nzima akipiga mabawa.

Siku mbili baadaye begi lilirudi, na safari hii lililetwa na bibi. Hakukaa hata kwenye benchi. "Fundi, huyu ndege akilia juu ya paa tunamfukuza kwa kijinga cha moto. Wewe umemweka mgongoni mwa mjukuu wangu?" Shikamoo nilishatoa, nikatoa ya pili. Picha ilitoka intaneti, na huko ilikotoka bundi ni ndege wa busara, anachorwa hadi kwenye vitabu vya watoto. Hapa kwetu Tabata, bundi ni bundi.

Tukashauriana na bibi ni ndege gani anaweza kulala ndani ya nyumba. Kuku akamkataa, mjukuu atachekwa. Njiwa naye akaonekana amepooza. Mwisho akasema mwenyewe: "Kanga." Na kweli, kanga ni zawadi kwa fundi wa nguo. Kitambaa cheusi chenye madoa meupe kinauzwa Kariakoo kwa yadi, huhitaji kuchora kitu. Uso tuliukata kwenye felti ya bluu, ndevu mbili nyekundu shavuni, kipembe kidogo utosini kikajazwa pamba. Tena husemwa kwamba nguo ya khanga ilipata jina kwa ndege huyu, kwa kuwa za mwanzo zilikuwa na madoa kama yake. Basi mfuko wa ndani tukaushona kwa kipande cha pindo la khanga kuukuu ya bibi mwenyewe. Hapo ndipo alipocheka.

Tangu siku hiyo watu wanakuja wakiuliza "lile begi la kanga", na swali la kwanza ni sura: mnashona simba? Samaki? Bajaji? Tunashona, ndiyo, hata bajaji yenye magurudumu ya vifungo vilivyofunikwa kitambaa. Swali la pili ni kwa nini 40,000 wakati sokoni begi lenye picha ya katuni linapatikana kwa 15,000. Haya mawili hujibiwa pamoja, kwa sababu sura siyo inayokula pesa. Sura ya kanga, na kila kitu chake, ni kazi ya asubuhi moja. Siku mbili nyingine zinakwenda mahali ambapo mteja haangalii kamwe: mgongoni.

Chukua begi lolote la mtoto lililokufa. Kitambaa kizima, zipu bado inapita, lakini mkanda mmoja umechomoka juu na kuacha tundu lenye nyuzi zinazoning'inia. Mtoto habebi begi kama mtu mzima. Analishika mkanda mmoja analiburuta, analitundika kwenye kiti na kukivuta kiti, mwenzake analishika kwa nyuma wakicheza treni. Mvuto wote unaishia kwenye sehemu yenye upana wa vidole viwili. Fundi mwenye haraka huchomeka ncha ya mkanda kwenye mshono wa juu, sentimita moja tu, anapita na cherehani mara moja, anageuza begi, kazi imekwisha. Kwa nje huwezi kujua. Na kinachoachia mara nyingi si uzi. Kitenge ni pamba nyepesi, kwa hiyo kitambaa chenyewe ndicho kinachochanika kufuata matundu ya sindano, kama stempu inavyochanika.

Sisi tunaanza na mgongo kabla ya kugusa sura. Nyuma ya kitenge tunalaza turubai, mgongo mzima, si kipande tu pale kwenye mkanda. Ncha ya mkanda inavuka mshono wa juu na kuingia ndani sentimita nne, inalala juu ya turubai, kisha inashonwa kisanduku chenye msalaba: pande nne, halafu kona kwa kona mara mbili, na kila mwanzo na mwisho cherehani inarudi nyuma hatua tatu. Juu yake tunashona kipande kingine cha kitambaa kufunika ncha zote mbili pamoja na ile kamba fupi ya kushikia kwa mkono. Sindano namba 16, uzi wa polista. Ukipindua begi letu ukaona visanduku viwili vyenye misalaba karibu na shingo, hiyo si nakshi.

Chini mkanda hauendi kwenye mshono moja kwa moja. Unaingia kwanza kwenye pembetatu ya kitambaa iliyokunjwa, na pembetatu ndiyo inayoshonwa kwenye kona ya begi. Hivyo mvuto unagawanyika kwenye mshono wa sentimita saba badala ya mbili na nusu. Ni kipande kidogo sana cha kitambaa, na ukikiona kwenye begi la sokoni, linunue bila wasiwasi, aliyelishona alijua anachofanya.

Halafu kuna nafasi kati ya mikanda. Mtoto wa miaka minne ana mabega membamba yaliyoteremka. Mikanda ikianzia mbali, inadondoka kila baada ya hatua chache, utamwona anapandisha bega moja kama anayejikuna. Yetu inaanzia karibu na katikati ya mgongo, ikiachana vidole vitatu tu vya mtu mzima, inatanuka yenyewe inapopita mabegani. Upana sentimita tano, ndani sponji. Anayetaka tunamwekea na mkanda mdogo wa kifuani, lakini wa velkro, si wa klipu. Vidole vya chekechea havina nguvu ya kubonyeza klipu, na mkanda ukinaswa kwenye bembea au mlango wa gari la shule, velkro inaachia. Kwa sababu hiyo hiyo hatuweki kamba ndefu za kuvuta na kukaza mdomo wa begi, hata mteja akileta picha yenye kamba nzuri namna gani.

Sasa ukubwa. Wazazi wengi wanaomba begi kubwa "akue nalo". Nawaelewa, sare tunanunua hivyo hivyo, sweta la mwaka huu linakunjwa mikono mpaka darasa la pili. Lakini begi halina mikono ya kukunja. Likishuka chini ya nyonga linampiga makalio kila hatua na kumvuta nyuma, na mtoto anatembea ameinamisha shingo mbele kama kobe. Kipimo tunachotumia kwa wa miaka mitatu hadi mitano ni urefu sentimita 30, upana 24, unene 10. Hiyo ni kama lita saba: madaftari mawili matatu, kontena la chakula, chupa ya maji, nguo ya kubadili.

Kaunta buku haiingii. Naliandika mapema kwa sababu mama mmoja aliwahi kunijia juu kwa hilo, na alikuwa na haki, sikumwambia. Karatasi ya A4 ina urefu wa karibu sentimita 30 bila jalada, na begi letu juu limeviringika. Kama shule ya mwanao inataka kaunta buku, tuambie, tunaongeza hadi 34, ila kwanza tutampima mtoto mgongo: kutoka ule mfupa unaochomoza shingoni anapoinama hadi kiunoni. Ukiweza mlete mwenyewe. Usipoweza, piga picha ukimpima kwa futikamba, tunasoma hapo hapo.

Na uzito usimezwe na uzuri. Wataalamu wa afya ya watoto hushauri mzigo wa mgongoni uwe kama asilimia 10 ya uzito wa mtoto, au 15 ikizidi sana. Mtoto wa miaka minne ana kilo kama 16, kwa hiyo mzigo wake ni kilo moja na nusu na kidogo, begi likiwemo. Begi la kanga kwenye mizani yetu ya jikoni lilisoma gramu 290. Chupa ya maji ya lita moja, ikijaa, peke yake inapita kilo. Hesabu inayobaki unaiona. Ndiyo maana mfuko wa pembeni tunaushona kwa kipimo cha chupa ya nusu lita, na tukiombwa kuupanua tunabisha kidogo kabla ya kukubali.

Mengine nayapitisha haraka. Macho ya mnyama hatuweki vifungo wala shanga kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu, kwa sababu kinachong'oka kinakwenda mdomoni, tunatumia felti iliyoshonwa kuzunguka. Jina la mtoto halikai nje. Najua linapendeza likitariziwa kubwa kifuani kwa kanga, lakini mtu asiyemjua naye ataweza kumwita kwa jina lake njiani. Linakaa ndani ya mfuniko, pamoja na namba ya simu ya mzazi.

Zipu ni namba 5 ya nailoni. Namba 3 ni rahisi na inapatikana rangi zote, lakini ni ya magauni, kwenye begi kichwa chake kinalegea haraka. Tunaishona robo tatu ya mzunguko ili mtoto afungue aone vitu vyake vyote kwa mara moja, ila tunaisimamisha kabla haijafika chini, kila kitu kisije kikamwagika barazani. Kwenye kichwa cha zipu tunafunga ulimi wa kitambaa mnene wa kushika. Kwa samaki unakuwa pezi, kwa panya unakuwa mkia. Sijui kwa nini, lakini mtoto ambaye hajawahi kufunga zipu yake akipewa mkia wa kuvuta anaifunga kutwa nzima.

Kuhusu maji, tusidanganyane: kitenge kinalowa. Bitana yetu ni kitambaa cha nailoni, kile cha miavuli, kwa hiyo manyunyu ya kutoka getini hadi darasani yanavumilika, na chupa ikivuja kidogo ndani haifiki mgongoni. Mvua ya masika yenyewe inapita kwenye matundu ya mishono. Yeyote anayekwambia begi la kitenge haliingizi maji, muulize amelishona kwa gundi?

Rangi nalo ni jambo letu la aibu. Mwanzoni tulikuwa tunakata kitambaa moja kwa moja kutoka dukani. Begi moja la samaki mwekundu lilinyeshewa na rangi ikashuka yote kwenye shati jeupe la shule. Tulilipa shati. Sasa kila kitambaa, hata kile ambacho muuzaji ameapa, kinalowekwa maji ya chumvi usiku mmoja, si kwamba chumvi inazuia rangi sana, ila maji yanatuonyesha. Yakibadilika tunasuuza tena na tena, na kisichotakata hakitumiki. Faida nyingine ni kwamba pamba inasinyaa hapo, si baada ya kukatwa. Nyumbani lifue kwa mkono, maji baridi, usitie jiki, lianike kivulini limepinduliwa. Kitako kilichofanya begi lisimame ni plastiki ngumu inayochomolewa, ichomoe kwanza. Mafundi wengine huweka boksi hapo, na begi likifuliwa mara moja linakuwa na tumbo.

Ukitaka kuagiza, leta au tuma kipimo cha mgongo, umri, na mnyama. Ukiwa na kitenge chako, labda kilichobaki kwenye sare ya harusi ya shangazi, yadi moja inatosha sura na pembeni, tutaongeza turubai na bitana. Khanga pia tunapokea, ila ni nyepesi kuliko kitenge, lazima kwanza tuigandishe kwa pasi gamu, kile kitambaa cha ndani cha kukazia, kwa hiyo ongeza siku moja. Kama unataka maneno ya khanga yatokee kwenye mfuniko, sema kabla hatujakata. Tukishakata, jina la khanga likigawanyika katikati haliungiki, na mengine yakikatwa nusu yanakuwa matusi. Kazi ni siku tatu mezani, lakini foleni ya Desemba ni ndefu, anayehitaji begi la kufungulia shule Januari aje Novemba. Mikanda ikichomoka, lirudishe wakati wowote, hatutozi.

Yule bundi hatukumfumua. Yuko kwenye msumari nyuma ya cherehani, ananing'inia kwa mkanda mmoja tu, na ndani yake tumeweka pasi ya mkaa tangu siku bibi alipomrudisha. Mteja akiuliza habari ya mikanda tunamwonyesha. Baadhi wanamvuta kujaribu. Wengine wanatazama kwa mbali na kusema wameamini.