Waliopita hamsini wafundishwe kujenga nguvu, wasiambiwe tu wapungue

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo wanawake tuliopita umri wa miaka 50 hapa Mombasa tunanong'onezana arusini na matangani, pale mmoja wetu anapotaka kuinuka mkekani na kulazimika kunyoosha mkono ashikwe. Jambo lenyewe ni uzani wa mwili pamoja na udhaifu wake, maana viwili hivi huja vimeshikana, ingawa tumezoea kukilaumu kimoja tu. Mwenzetu akinenepa huambiwa na kila mtu apungue, lakini ni nadra kusikia akiambiwa ajenge nguvu, na kwa maoni yangu hapo ndipo tunapokosea.

Mimi ni mwalimu mstaafu, mzaliwa wa Majengo. Nilistaafu mwaka jana nikiwa na miaka 60, na miaka kumi ya mwisho nilikuwa naibu wa mwalimu mkuu, kazi ya kiti na makaratasi, ambayo nilikuwa nikienda kwa tuktuk asubuhi na kurudi kwa tuktuk jioni. Nilipotimiza miaka 54 nilipimwa nikaambiwa nina sukari na kwamba nipunguze uzani, ambao wakati huo ulikuwa kilo 91. Sikuambiwa nipunguze vipi. Nikafanya kama wafanyavyo wengi: niliacha wali, nikaacha chakula cha usiku, asubuhi nikanywa maji ya moto yenye ndimu, na kwa muda wa miezi minne nikapungua kilo 9. Kila niliyekutana naye alinisifu, mashaallah, nami nikaamini kwamba nimefaulu.

Siku moja nilikwenda kumjulia hali shangazi yangu Mji wa Kale, katika moja ya nyumba zile za ghorofa ambazo ngazi zake ni nyembamba na zimesimama wima, nikafika juu nimeegemea ukuta kwa mikono miwili, miguu ikinitetemeka kuliko ilivyokuwa nilipokuwa na kilo 91. Nyumbani, nikiswali, sikuweza tena kuinuka kutoka sijida hadi kusimama bila kutia viganja vyote viwili chini na kisha kushika mlango wa kabati lililo kando ya msala. Ramadhani ikapita, msimu wa arusi ukapita, na kabla ya mwaka kwisha zile kilo 9 zilikuwa zimerudi na nyingine tatu juu yake. Nguvu nilizopoteza hazikurudi.

Baadaye ndipo nilipoeleweshwa kilichonipata, na ninakieleza hapa kwa sababu laiti ningekijua mapema ningeokoa miaka miwili. Kuanzia umri wa miaka thelathini na kitu mwanadamu hupoteza misuli yake kidogo kidogo, kati ya asilimia 3 na 8 kwa kila miaka kumi, na kasi hiyo huongezeka baada ya miaka 60. Kwa mwanamke jambo huzidi hedhi inapokoma, kwa kuwa homoni iliyokuwa ikilinda mifupa hupungua, mifupa ikaanza kuwa myepesi, na mafuta yaliyokuwa yakikaa mapajani na nyongani yakahamia tumboni, ambako yana madhara zaidi kwa moyo na kwa sukari. Mtu wa umri huo akijinyima chakula bila kuufanyisha mwili kazi, sehemu ya uzani unaoondoka huwa ni misuli yenyewe. Misuli ndiyo inayochukua sehemu kubwa ya sukari kutoka kwenye damu baada ya mlo, kwa hiyo anayeipoteza amejipunguzia mahali pa kuiweka sukari hiyo. Chakula kinaporejea, kinachorudi haraka ni mafuta. Hivyo ndivyo nilivyopanda mizani nikiwa na kilo 94 na miguu dhaifu kuliko nilipoanza.

Jaribio langu la pili lilikuwa katika ukumbi mmoja wa mazoezi ambao sitautaja. Kijana aliyetupokea alikuwa na adabu, lakini aliniweka safu moja na wasichana wa miaka ishirini na mitano, akatutaka turuke, na siku ya tatu goti langu la kulia likavimba hata sikuweza kuvaa viatu vya raba kwa wiki mbili. Hakuniuliza umri, wala presha, wala dawa ninazotumia, nami sikujua kwamba nilipaswa kumweleza kabla ya kuanza.

Lile goti ndilo lililonipeleka kwa mtaalamu wa viungo, mama mmoja wa makamo, ambaye aliniletea kiti cha mbao cha kawaida, akakiegemeza ukutani kisiteleze, akaniambia niketi, nikunje mikono kifuani na nisimame bila kujishika. Nilisimama mara nne. Mara ya nne mapaja yalitetemeka na nikaangukia kiti kwa kishindo. Akaniambia nifanye hivyo kila baada ya siku moja, mara nane nikiweza, nipumzike, nirudie, nipumzike, nirudie, na kwamba kila nikiketi nishuke polepole kwa kuhesabu hadi tatu, kwa sababu kushuka nako kunajenga. Akanionyesha kuusukuma ukuta kwa viganja vyote viwili kama mtu anayetaka kuuhamisha, kupanda na kushuka kidato kimoja cha ngazi, na kusimama kwa mguu mmoja huku nimeshika ukingo wa dirisha, jambo ambalo mimi hulifanya jikoni nikingoja tui lichemke. Baada ya wiki sita nilikuwa nikiinuka kitini mara kumi na mbili mfululizo. Hapo nikaongeza mtungi wa maji wa lita 5, kwanza nusu, kisha umejaa, nikiukumbatia kifuani ninaposimama. Mtungi uliojaa ni takriban kilo tano, na hakuna nyumba ya Mombasa isiyokuwa na mtungi.

Asubuhi moja, baada ya alfajiri, niliinuka kutoka sijida nikasimama wima kabla sijatambua kwamba sikuligusa kabati. Nililia pale pale juu ya msala.

Kuhusu kutembea sitasema mengi, maana hilo tunaambiwa kila siku na ni kweli. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, yaani yale yanayomfanya mtu ahemeke kidogo lakini aweze kuzungumza. Pendekezo hilo hilo linaongeza mazoezi ya nguvu kwa misuli mikubwa yote, angalau siku mbili kwa wiki, na kwa waliofikisha miaka 65 mazoezi ya kujimudu wasianguke, siku tatu au zaidi. Sehemu hii ya pili sijawahi kuisikia ikitajwa kliniki nilipokuwa kwenye foleni ya dawa za sukari. Tunapewa vidonge, tunaambiwa tupunguze wanga, tunaambiwa tutembee, tunarudi nyumbani.

Chakula nacho hakihitaji vita. Nimewaona wenzangu wakiapa kuliacha tui maisha yao yote, na mwezi wa pili wamerudi kwenye sinia kwa pupa. Mimi nilianza na chai. Nilikuwa nikinywa vikombe vinne kwa siku, kila kimoja na vijiko vitatu vya sukari. Hivyo ni vijiko kumi na viwili, takriban gramu 48, ilhali kiwango cha juu kinachoshauriwa kwa mtu mzima kwa siku nzima ni kama gramu 50, na ni bora zaidi kisizidi 25. Sikuwa bado nimetia kaimati mdomoni. Sasa nanywa kwa iliki na tangawizi bila sukari, na ilinichukua mwezi mmoja ulimi kuzoea. Mahamri nimebaki na mawili, tena kwa mbaazi nyingi, kwa sababu mwili unaojenga misuli unataka protini, na sisi tunazo mbaazi, kunde, pojo, mayai na samaki wa kila namna bila kuhitaji kopo la unga wa kigeni. Wali wa nazi nala, lakini najipakulia kwenye sahani yangu, kwa kuwa katika sinia la watu sita hakuna ajuaye amekula kiasi gani, na wahenga hawakukosea waliposema chovya chovya humaliza buyu la asali.

Safari hii nilipungua kilo 10 kwa muda wa mwaka mmoja na miezi mitano, na kwa mwendo huo hakuna aliyenisifu, kwa kuwa hakuna aliyeona. Kiuno nilichopima kwa futi ya fundi wa nguo kimetoka sentimita 104 hadi 91, nami natamani kufika chini ya 88, ambayo kwa mwanamke ndiyo alama ya kuanza kuwa na hofu kubwa zaidi. Goti limepona, na nimeambiwa kwamba kila kilo moja ninayoiondoa mwilini huliondolea goti mzigo wa takriban kilo nne kwa kila hatua. Dawa ya sukari bado natumia. Daktari ndiye aliyeipunguza, na nawasihi wenzangu wasijipunguzie wenyewe, hasa kwa kuwa mtu anayekula kidogo na kufanya mazoezi huku dawa ikiwa ile ile anaweza kushukiwa na sukari ghafla.

Kuna kizuizi kimoja ambacho hakitoki kliniki wala jimu; kinatoka ndani ya nyumba zetu, nacho kinakuja kwa sura ya mapenzi. Mtu akipita hamsini watoto humwambia, "Mama, keti, tutakuletea." Akishika ndoo, hunyang'anywa. Akisema anakwenda Marikiti kwa miguu, bodaboda huitwa. Hiyo ni heshima, nami sitaki vijana wetu waiache, lakini heshima inayompokonya mzee kila mzigo inampokonya pia nguvu za kuubeba. Msikitini, upande wetu wa wanawake, naona viti vya plastiki vikiongezeka nyuma ya safu mwaka baada ya mwaka. Mgonjwa ana ruhusa yake na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye hali ya kila mja; ila baadhi ya wanaoketi pale ni wenzangu wa darasa moja, hawana ugonjwa wa viungo, na miguu yao imedhoofika kwa kutotumiwa. Mjukuu wangu nimemwomba anikaribishe kiti na aniache nichukue ndoo mwenyewe.

Kizuizi kingine ni mahali. Ufuo wa Mama Ngina tangu utengenezwe upya mwaka 2019 una njia pana na hewa ya bahari, na alfajiri utawakuta watu wa kila umri wakitembea chini ya mibuyu huku meli zikiingia Kilindini. Lakini kwa mama wa Majengo, Mikindani au Changamwe huko ni nauli ya kwenda na kurudi, na mitaani kwetu njia ya miguu imekaliwa na mikokoteni na pikipiki, vifuniko vya mitaro vimevunjika, na wakati wa kaskazi jua huwa kali kabla ya saa mbili asubuhi. Mwanamke aliyevaa buibui hawezi kuinua mtungi barabarani huku vijana wa maskani wakimhesabia. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba zaidi ya thuluthi moja ya wanawake nchini walikuwa na uzani uliopita kiasi, kiwango ambacho ni mara mbili ya kile cha wanaume, na sisi ndio tusio na pa kunyooshea viungo bila macho ya watu.

Ombi langu ni dogo na halihitaji kujenga chochote. Shule zetu zina nyua zenye kuta na lango, na Jumamosi asubuhi nyingi huwa tupu. Wakuu wa shule, pamoja na wahusika wa elimu na afya katika kaunti, wakubaliane kuzifungua kwa wanawake waliopita hamsini kuanzia saa kumi na mbili unusu hadi saa mbili, na muuguzi mmoja awepo mara moja kwa mwezi kupima presha na sukari na kututazama tunavyofanya. Viti vya darasani vinatosha, na mitungi tutakuja nayo. Katika mtaa wetu tumeanza wanawake saba, uani kwa jirani, ambapo hapawezi kuenea mtu wa nane. Mwalimu mkuu yeyote aliye tayari kutupa uwanja wake kwa muda wa saa moja na nusu kwa wiki atatukuta tumefika kabla yake, na atakuta tumefagia kabla hatujaondoka.

Ni mimi,
Mwalimu mstaafu,
Majengo, Mombasa