Wafugaji wa vipepeo wawe walimu wa msitu wa Arabuko-Sokoke

Mhariri,

Mabasi ya shule huja mara kwa mara hadi ukingoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke, hapa pwani ya Kenya, wanafunzi wakaonyeshwa miti, wakasomewa maelezo kuhusu utunzaji wa mazingira, kisha wakarudishwa madarasani wakiwa wamekariri kwamba adui wa msitu ni "wenyeji". Ziara zenyewe sizipingi, na laiti zingeongezwa. Ninachopinga ni somo linalomtuhumu mzazi mbele ya mtoto wake, kwa kuwa baadhi ya wanafunzi hao ndio wenyeji wenyewe, na miongoni mwa wazazi wao wamo wanaoujua msitu huu kuliko mwalimu na kuliko kitabu.

Chukulia wafugaji wa vipepeo. Mradi wa Kipepeo, ambao wenyeji hufuga vipepeo ili wauzwe ng'ambo, ulianzishwa Gede, kando ya msitu, mwaka 1993, wakati ambapo majirani wengi wa msitu walitamani ukatwe ili wapate mashamba. Mfugaji huingia msituni na wavu, au hutega kwa ndizi zilizoiva hadi kuchacha, akamnasa kipepeo jike na kumweka katika kizimba cha chandarua pamoja na mche ambao viwavi wa aina hiyo huula. Wako viwavi wanaokula majani ya mlimau, na wako wasiogusa ila majani ya mti fulani wa msituni. Asiyeijua tofauti hiyo huamka akakuta viwavi wamekufa kwa njaa huku wamezungukwa na majani mabichi. Pupa, yaani viwavi waliojifunga ganda ili wageuke vipepeo, zikishakomaa hubanduliwa moja moja kwa uangalifu, zikapelekwa Gede upesi, maana lazima zifike katika majumba ya maonyesho ya vipepeo ng'ambo kabla hazijapasuka. Mtoto aliyemsaidia mamake katika kazi hiyo ameshaelewa uhusiano wa mdudu na mti, na anajua kwamba mti wenyewe ukimalizwa msituni hakuna jike wa kunasa msimu ujao. Sijui ni bango gani la ukutani linaloweza kufundisha hivyo.

Vivyo hivyo kwa waelekezaji wa wageni, ambao humpata bundi mdogo wa Sokoke akiwa amelala mchana katika vichaka vya udongo mwekundu, ndege ambaye nje ya pwani hii ya Kenya anajulikana kuishi katika misitu ya Usambara Mashariki, Tanzania, tu. Watalii huwalipa ili waonyeshwe. Mwanafunzi wa kijiji cha jirani huenda akamaliza shule bila kumwona.

Wapo watakaosema kwamba elimu ni kazi ya serikali na jamii ibaki na asali yake. Sheria haisemi hivyo. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016, inapotaja haki ambazo vyama vya kijamii vya misitu, yaani vikundi vya wenyeji wanaoshiriki kuusimamia msitu, vinaweza kupewa, huziorodhesha shughuli za kisayansi na za elimu pamoja na kurina asali, kukata nyasi na utalii. Kwa hiyo kufundisha msituni ni haki ya matumizi kama kuokota kuni, na chama kinaweza kuidai katika makubaliano yake na Shirika la Huduma za Misitu (KFS). Mtaala wa umilisi (CBC) unaofuatwa shuleni nao unataka wazazi na jamii washirikishwe katika ujifunzaji. Kinachokosekana ni mtu wa kuyaunganisha haya mawili.

Sidai kwamba vipepeo vinatosha. Mwaka 2020 safari za ndege za kimataifa zilipositishwa, kila aliyetegemea soko la ng'ambo alijionea hatari yake, na pupa haingoji ndege. Nayo familia ambayo mahindi yake yamekanyagwa na ndovu, kisha ikazungushwa kuhusu fidia inayotajwa katika Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013, haiwezi kutulizwa kwa hotuba. Ndiyo sababu ya kutaka kazi ya kufundisha iwe na ujira. Tayari tunao mfano: tangu mwaka 2001 mpango wa shirika la uhifadhi la A Rocha Kenya umekuwa ukitumia mapato ya utalii, yakiwemo ya daraja la mbao linalopita katikati ya mikoko ya Mida, kuwalipia karo ya sekondari watoto wanaoishi kando ya msitu.

Ninaomba basi wakuu wa shule na maafisa wa elimu wa Kaunti ya Kilifi, kabla ya kupanga ziara nyingine, wakae na vyama vya misitu na kukubaliana nani atafundisha nini. Waanze na shule zilizo mpakani mwa msitu, ambazo wanafunzi wake hawahitaji hata basi. Malipo yapitie kwenye akaunti ya chama, na kiwango kijulikane mapema kwa pande zote mbili.

Mkazi wa Gede,
Kaunti ya Kilifi