Mwanangu, hiyo siku ya tano ni ya nani?

Ole, Pemba

Kwako mwanangu,

Assalaam alaykum. Huku sote wazima, ila goti la mama yako bado linamsumbua, na mvua ya juzi imepenya bati la jikoni pale pale ulipoziba. Hilo nitalirudia.

Habari yako nimeipata kwa dada yako, si kwako. Kwamba kuanzia mwezi ujao utafanya kazi siku nne, Ijumaa huendi, na umekubali wakukate sehemu ya tano ya mshahara. Ujumbe wako wa sauti, ule wa kuniuliza kama mtu anaweza kufanikiwa huku anafanya kazi kidogo, ulinifikia kesho yake, na nusu yake ulikuwa Kipchoge, yule mkimbiaji wa Kenya. Nikausikiliza tena nione ni wapi umesema mmeandikiana nini na hao wakubwa zako. Sikupasikia.

Basi naanza na hilo, maana ndilo linaloninyima usingizi. Mshahara umepungua, sawa, nimeelewa. Kazi je, imepungua?

Sikuandikii kukugombeza. Mzee wa barazani atamgombezaje mwanawe kwa kupumzika? Wageni wakipita hapa saa kumi alasiri wakatukuta tumeinamia bao, huondoka wakisema Wapemba wavivu. Hawakutuona alfajiri juu ya mikarafuu, wala usiku tunachambua makonyo, vile vikonyo vya karafuu, kwa taa. Wewe unayajua hayo, sina haja ya kukuhadithia. Ninachosema ni kwamba karafuu ikishaingia ghalani huwa haikupigii simu.

Umesema Kipchoge hulala mchana na ndiyo maana akakimbia marathoni chini ya saa mbili kule Vienna mwaka 2019. Kweli alikimbia, saa 1 dakika 59 na sekunde 40, nami niliiona kwa ami yako, tulipiga kelele mpaka majirani wakaja. Lakini mdogo wako amenitafutia habari zake. Kambi yao iko Kaptagat. Yeye wiki nzima yuko huko, nyumbani Eldoret kwa mkewe na wanawe anakwenda mwisho wa wiki. Kwa wiki miguu yake inapita kilomita 200. Na zamu ya kusafisha vyoo vya kambi ikimfikia anasafisha, yeye mwenye dhahabu mbili za Olimpiki za marathoni. Huyo ndiye uliyemtoa mfano wa kufanya kazi kidogo? Analala mchana kwa kuwa usingizi umo ndani ya kazi yake, na mbio zake nyingi anazikimbia taratibu kwa makusudi, ili siku ya kasi mwili usimgomee. Hapo nakubaliana nawe. Ila akilala, amelala. Kocha hamwamshi kumuuliza faili liko wapi. Wewe Ijumaa hawatakuamsha?

Kisha zile habari za Uingereza ulizompelekea dada yako. Nimezisoma zote, nimevaa na miwani. Kampuni 61, wafanyakazi kama 2,900, kuanzia Juni hadi Disemba 2022, na majaribio yalipokwisha 56 kati yao zikaamua kuendelea na siku nne. Nikasema kumbe inawezekana, na nilifurahi, wallahi. Ila wewe umesoma ulichotaka kusoma, tabia yako tangu skuli. Wale hawakukatwa mshahara. Iceland kabla yao, mwaka 2015 mpaka 2019, watu zaidi ya 2,500 walitolewa kwenye saa 40 kwa wiki wakashushwa hadi 35 au 36, na mshahara wao ukabaki ule ule. Na hizo saa hazikupatikana kwa dua. Walikaa wakatazama kazi ilivyo, wakafuta vikao visivyo na maana, vilivyobaki wakavifupisha. Walianza kukata kazi ndipo wakakata saa. Wewe umeanza na kukata mshahara! Kwenu ni vikao vingapi vimefutwa? Barua pepe za Ijumaa atazijibu nani? Ana jina huyo mtu, au ni wewe Alhamisi usiku na Jumamosi asubuhi?

Unajua nilivyokaa kwenye mizani ya karafuu miaka yangu yote ya ukarani. Mtu analeta gunia, juu karafuu kavu kabisa, ukiivunja moja inakatika pa! Unamsifu. Kisha unapenyeza mkono mpaka chini na unakuta unyevu, ukizikunja zinapinda tu hazikatiki. Kazi yangu ilikuwa kupenyeza mkono. Makubaliano yako naona juu ni makavu.

Halafu liko jambo limenikera hata mama yako akaniuliza nazungumza na nani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ya huko bara inasema mwisho saa 45 kwa wiki, tisa kwa siku. Zikizidi ni ovataimu, na ovataimu inalipwa mara moja na nusu. Wewe si meneja, kwa hiyo inakuhusu. Haya, nihesabie. Unatoka Kimara, huko Dar, alfajiri kuliwahi basi la mwendokasi, unatoka ofisini giza limeshaingia, Jumamosi kompyuta iko mapajani, hata sikukuu ya Idi ulikuwa nayo hapa ukumbini watoto wanakuruka. Hizo saa za juu ulilipwa na nani? Maana kama hukulipwa, basi siku hiyo ya tano umekuwa ukiwapa bure miaka yote, na leo unawalipa kwa mshahara wako ili wakurudishie. Umenunua mali yako mwenyewe. Mtu aliyesomea hesabu!

Na bado hapa kijijini natembea kifua mbele kwa ajili yako. Mtu akilipia umeme kwa simu mbele yangu, namwambia pole pole, huenda humo ndani umo mkono wa mwanangu. Wananicheka. Imamu ameniuliza kama ni wewe unayemkata salio.

Sasa swali lako lenyewe, kama mtu anaweza kufanikiwa huku anafanya kazi kidogo na anafurahia maisha. Wapo. Yule fundi cherehani wa Wete unamjua, adhuhuri ikipita hapokei kitambaa hata uje na harusi ya kesho. Alipoanza watu walisema atakufa njaa. Sasa kanzu yake inasubiriwa mwezi, bei yake ameipandisha, na mchana unamkuta pwani anavua kwa mshipi hana habari na mtu. Wako pia waliofunga duka mapema wakafilisika, hao hatuwahadithii. Lakini fundi yule ufunguo wa duka uko mfukoni mwake. Wewe umeajiriwa. Ndiyo maana nauliza, na nitauliza mpaka unijibu: hiyo Ijumaa imeandikwa wapi?

Kuhusu afya sibishani. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitangaza mwaka 2021 kwamba wanaofanya kazi saa 55 na zaidi kwa wiki, hatari ya kiharusi kwao iko juu kwa kama asilimia 35 ukiwalinganisha na wa saa 35 hadi 40. Hiyo presha uliyopimwa ukamficha mama yako, dada yako imemshinda kuificha. Kwa hiyo pumzika. Nimekwambia pumzika, usije ukasema baba alikataza. Na likizo yako ya siku 28 iliyomo kwenye sheria hiyo hiyo, sijapata kusikia umeimaliza hata mwaka mmoja. Ungeanza na hiyo, haikugharimu kitu.

Mama yako anasema kutokutulia hukujifunza kwa jirani. Alisema hivyo anachagua mchele, hakuniangalia. Mwaka ule wa karafuu nyingi, skuli zilipofunguliwa wewe ulibaki shamba, mwalimu wako alikuja mpaka hapa nyumbani, tukazungumza yakaisha. Sijui kwa nini nimelikumbuka hilo leo.

Nasikia Ijumaa unataka kujifunza kupiga udi, ile ala ya nyuzi ya taarabu. Udi! Mwenyewe nimecheka, kisha nikafurahi. Jifunze. Ukipiga vibaya hapana atakayedhurika ila jirani. Ila dada yako anasema umeshaanza kuulizia bei ya kurekodi na jinsi ya kuweka video ukalipwa. Mwanangu, hata wiki moja hujapumzika, umeshaigeuza siku ya mapumziko kuwa duka. Nyinyi vijana wa sasa mkipewa kivuli mnakipangisha. Piga udi usikike na masikio yako tu kwanza. Na ukitoka msikitini siku hiyo, kaa na watu. Zamani ulikuwa ukiswali Ijumaa mbio mbio, viatu unavaa huku unatembea.

Usidhani nayasema haya kwa sababu ya pesa unazotutumia. Sisi tunakula. Punguza, tutajipanga, karafuu za mwaka huu si mbaya. Isipokuwa ada ya mdogo wako, hiyo usiiguse, amebakiza mwaka mmoja na anasoma kweli, nimemchungulia. Na vidonge vya goti vya mama yako, maana huku duka la dawa likiwa navyo leo kesho havipo. Na hilo bati. Lakini mengine punguza.

Fanya hivi. Waandikie barua, ukurasa mmoja unatosha. Taja kazi zilizoondoka kwako na zimekwenda kwa nani. Taja kwamba Ijumaa simu ya ofisi inazimwa, na likitokea la dharura utalipwaje au utarudishiwa siku gani. Uliza likizo yako inabaki vipi. Na NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii: mchango unafuata mshahara, mshahara ukishuka nao unashuka, na hilo utalihisi ukiwa na umri wangu, si sasa. Uliza kama ukitaka kurudi siku tano mlango uko wazi. Wakikataa kuandika, basi umeshapata jibu la swali langu, na heri ulipate kabla ya mwezi ujao. Usiende kwa hasira. Nenda Jumanne, Jumatatu watu vichwa vimejaa.

Ukiona wamekubali kila kitu kwa tabasamu, uliza tena.

Mwengine angekwambia acha kazi, uje shamba, tuna mikarafuu. Mimi sikwambii hivyo. Mikarafuu ya babu yako mingi imezeeka, na miche niliyopanda upande wa bondeni itachukua miaka kabla ya kutupa kitu cha maana. Wewe una akili ya hizo kompyuta, ifanyie kazi siku nne, tatu, mbili, ukitaka, mradi ukiwa huko uwe huko na ukitoka uwe umetoka. Mwaka jana ulikaa hapa wiki nzima, na ukiniuliza tulizungumza nini, sikumbuki, nakumbuka ulikuwa ukitoka nje kutafuta mtandao chini ya mwembe.

Sasa bati. Fundi anasema si kipande kimoja, upande wote wa jikoni umeoza, anataka mabati ya geji 28. Usiyanunue Dar, gharama ya kuyapakia itakula nafuu yote, Chake yapo. Nitumie pesa za mabati tu, misumari ninayo na mbao ami yako ametoa. Mbuzi yule mweusi amezaa pacha, dume na jike. Jike mama yako ameshasema ni la mkweo, ukimpata.

Boti usikate ya Ijumaa ya kwanza. Najua utataka kuja, na mama yako ameshaanza kutafuta pweza. Ijumaa ya kwanza kaa hapo hapo Kimara na simu umeizima, uone watafanya nini. Uje ya pili. Na hiyo barua yao ikishatoka ipige picha umtumie mdogo wako anisomee, upige karatasi yote mpaka chini, saini na muhuri vionekane.

Ni mimi baba yako