MALALAMIKO: KUACHWA GIZANI MBELE YA KIBOKO, ZIWA NAIVASHA

Kwa Meneja,
Kampuni ya Safari za Baiskeli,
Naivasha.

Bwana Meneja,

Pokea salamu. Ninaandika nikijizuia kadiri ninavyoweza, maana barua niliyoandika usiku uleule mama aliisoma akaniambia niichane. Taratibu zenu mnazijua wenyewe: nani hutangulia, nani hufunga msafara, na gari la msaada ni la kazi gani. Mimi nauliza moja tu. Gari lile hubeba watu, au hubeba viwango vya malipo?

Tulikuwa kwenye safari yenu ya baiskeli ya usiku, na pancha ilitupata pale njia inapokaribiana na mafunjo. Kiongozi alikuwa ameshapotelea mbele na wageni. Nikapindua baiskeli, mpwa wangu wa kidato cha pili akanishikia tochi. Tulimsikia kabla ya kumwona: nyasi zinang'olewa taratibu, kama mtu anayerarua shuka kuukuu. Kijana akamulika. Kiboko, upande wa juu wa njia, na sisi mgongo wetu uko ziwani. Watu wa Naivasha hawahitaji kuambiwa maana yake. Kiboko hutoka majini usiku kuja kula, na asichostahimili ni kukuta mtu amesimama kati yake na maji. Mnyama wa tani moja na nusu, anayeweza kukimbia kilomita 30 kwa saa, na mimi nina gurudumu mkononi.

Ndipo gari lenu likafika. Dereva akasimama, akashusha kioo, akamulika mikono yetu. Akaona bangili za kijani, za wanaolipa kiwango cha wakazi. Akasema kwenye redio, "Hawa ni wakazi," akasikiliza jibu, kisha akatuambia gari ni la wageni wa dola, tumngoje kiongozi. Akapandisha kioo, akaenda.

Aliyetutoa pale ni askari wa shamba la maua, aliyeona tochi ikipepea akaja na pikipiki. Alizungusha mbali, akatupitisha hadi nyuma ya ua wa umeme, akatupa chai yake mwenyewe. Hamumlipi hata shilingi. Kiongozi wenu alitukuta hapo tumeshamaliza chai, akauliza baiskeli iko wapi. Baiskeli!

Na hata kabla ya kuondoka mambo yalikuwa yameshaoza. Taa ya baiskeli ya mpwa wangu ilifungwa kwa kipande cha tyubu na ilizimika kila tulipopita shimo, ndiyo maana tulibaki nyuma tangu mwanzo. Nilipomwambia fundi wenu alisema mwezi unatosha. Sikatai, mwanzoni palipendeza: macho ya kuro yaking'aa migungani, punda milia wakipisha njia wenyewe. Tangazo lenu linajigamba kwamba ziwa hili liko kwenye orodha ya Ramsar, ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, tangu 1995. Orodha hiyo haikuwekwa ili mpate mahali pa kutelekeza watoto wa watu.

Jumatatu nikapiga simu ofisini. Msichana wa mapokezi akanijibu, "Lakini si mlifika salama, dada?" Basi ngoja nirudie, pengine hamkusikia vizuri. Taa za gari lenu zilimwangaza kiboko mzima, kuanzia pua hadi mkia. Dereva alimwona. Kiboko aliacha kula, akainua kichwa, na dereva akamwona akiinua kichwa. Kisha akamulika mikono. Mikono, Bwana Meneja, si nyuso; nyuso zingemwonyesha mtoto analia. Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu, ila kwa vikapu vya chakula cha wageni. Vikapu vilipanda gari. Na lilipoondoka lilituachia giza zito kuliko la mwanzo, kijana akarudi nyuma akaanguka kwenye tope akachanika goti.

Nilikuwa nataka pesa zangu tu. Baada ya simu ile, nataka nirudishiwe malipo yote ya watu wawili, gharama za zahanati, na barua ya kuomba radhi aliyoandikiwa mpwa wangu kwa jina lake, si "mteja mpendwa". Tena mseme kwa maandishi ni nani aliyejibu kwenye redio. Dereva hakuamua peke yake.

Msiponijibu, nakala ya barua hii inakwenda Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii, wanaowapa leseni, na nyingine kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Mimi nakwenda Mahakama ya Madai Madogo, ambako dai halivuki shilingi 1,000,000 na simhitaji wakili. Askari wa shamba la maua amekubali kutoa ushahidi. Bangili zote mbili ninazo.

Nilikusudia kuwapa siku 14. Nimesoma tena nilichoandika hapo juu; nawapa saba.

Mteja wenu,
namba ya malipo mnayo.