Kupimwa mapafu si kujitafutia ugonjwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie woga wetu wa kupimwa saratani ya mapafu. Huku Tandahimba, mzee aliyevuta sigara miaka 30 akianza kukohoa hudhaniwa ana kifua kikuu, na makohozi yasipoonyesha vimelea, jamaa humshukuru Mungu na kumrudisha nyumbani, ilhali huenda saratani inakua kimya.

Mwaka 2016 jiji la Manchester, Uingereza, lilipeleka magari yenye mashine ya CT, inayopiga picha za ndani ya mwili, kwenye maegesho ya maduka ili kuwapima watu mapafu, na utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2011 ulionyesha kuwa kipimo hicho chenye mionzi kidogo kilipunguza vifo vya saratani ya mapafu miongoni mwa wavutaji kwa asilimia 20, kikilinganishwa na eksirei.

Hata hivyo, gari peke yake halitoshi. Nimewasikia watu wazima wakisema kupimwa ni kujitafutia ugonjwa, na wengine, hili linaniuma zaidi, wakiogopa kuambiwa wamejitakia. Naiomba Wizara ya Afya, siku itakapotuletea huduma hiyo, ianzie kwenye mikutano ya vijiji na vyama vya msingi vya korosho, ambako wazee wetu husikilizana, na wahudumu wasimkaripie mvutaji.

Msomaji wako,
Tandahimba, Mtwara