Usivipake rangi ya dhahabu

Mwanangu, mama yangu,

Picha ulizonituma nimezitazama mpaka simu ikazima. Nyumba imependeza, na nimefurahi kuona umeuacha wazi ukuta wa sebuleni kwa ajili ya vitu vyangu vya farasi. Ila uliposema fundi wako anataka kuvipaka rangi ya dhahabu vifanane na taa, moyo ulinidunda. Nimeona nikuandikie kabla hajafungua kopo.

Nianze na lile tandiko la kahawia. Nililiachiwa na mama mmoja aliyekuwa akija kupanda farasi kila alfajiri, siku alipohama nchi. Hebu ipime mikanda ya vikuku vya kupandia. Utaona wa kushoto umeuzidi wa kulia kwa karibu upana wa kidole. Hilo si kosa la mshonaji. Farasi hupandwa kwa upande wa kushoto, na kila apandaye hukanyaga kikuku hicho akakielemea kwa uzito wake wote, basi ngozi ya upande huo ikavutika mwaka baada ya mwaka. Masaisi, sisi watunza farasi, tuna desturi ya kuibadilisha mikanda pande ili ichakae sawasawa, lakini hii yeye hakutaka iguswe. Fundi akiona hailingani atataka kuikata. Mama, asiikate. Huo ukanda una miaka kumi na minne ya alfajiri za yule mama, nami nikimshikia farasi.

Tena tandiko halipigiliwi ukutani. Ndani ya ngozi mna kiunzi cha mbao na chuma, na ukilitundika kwenye msumari, uzito wote hulala mahali pamoja mpaka kiunzi kipinde na ngozi ipasuke. Mwambie seremala akutengenezee kitu chenye umbo la mgongo, mbao mbili zimeinamiana kama paa juu ya miguu minne, na tandiko likae hapo. Wajukuu wakitaka kulipanda, waache wapande. Hatamu nazo zinataka mahali pa mviringo. Zizini tulikuwa tukipigilia makopo matupu ya maziwa ukutani, kitako cha kopo kikigusa ubao, kisha tunazitundika juu yake. Ngozi ya utosini inabaki na mkunjo wake wa kichwa cha farasi. Ikining'inia kwenye msumari mwembamba huvunjika palepale. Makopo hayo unaweza kuyapaka rangi yoyote umpendezeshe fundi wako.

Ulivyo huko Rongai, Juni mpaka Agosti baridi na unyevu vitaleta ukungu mweupe kwenye ngozi. Usishtuke, na usifungie kitu ndani ya mfuko wa plastiki, maana humo ndimo ukungu unamozaliana. Toa nje, futa, acha kivulini penye upepo. Kisha kitambaa chenye unyevu kidogo na sabuni ya ngozi, halafu mafuta ya ngozi, membamba tu. Mafuta ya kupikia hapana, yanachacha. Na vanishi hapana kabisa. Ngozi ikishafunikwa hainywi mafuta tena, nayo hukauka ikakatika. Dirishani pia usiweke, jua huiua upesi kuliko mvua.

Vile viatu vyepesi vya alumini ni vya mbio, vya kule uwanja wa Barabara ya Ngong, uwanja uliofunguliwa mwaka 1954 nami nikauingia kijana mwaka 1983. Vizito vya chuma ni vya mazoezi. Ukivipanga, vya mviringo ni vya miguu ya mbele, vilivyochongoka kidogo ni vya nyuma. Nitafurahi ukivipanga hivyo, kama farasi aliyesimama.

Lakini kuna kitu ambacho hukukipata kwenye sanduku, kwa sababu nilibaki nacho. Unamkumbuka Kahawia? Ulikuwa darasa la pili nilipokupakia mgongoni mwake. Ule mwaka wa mvua nyingi, usubi ulikuwa mwingi ajabu, na usubi ndio unaoambukiza maradhi makubwa ya farasi. Tulikuwa tukiwaingiza zizini kabla jua halijazama, maana usubi huuma usiku. Hata hivyo akashikwa. Jioni niliona vile vishimo vya juu ya macho vimejaa, vimevimba, nikajua. Kulipokucha povu lilikuwa linamtoka puani. Nilikaa chini kwenye majani makavu nikiwa nimekishika kichwa chake mpaka akatulia. Sikukueleza wakati ule. Nilikwambia ameuzwa Naivasha, nawe ukaniuliza kila wiki kama wanampa karoti. Nisamehe, mama.

Kamba yake ya kichwani ninayo hapa Machakos, imetundikwa juu ya kitanda changu. Kwenye tundu la kibano cha kushoto pamenasa singa zake tatu, nyekundu bado. Sijawahi kuisafisha.

Nakuja Jumamosi na basi la asubuhi, nitakuja nayo. Muombe mkwe wangu apigilie kopo moja karibu na mlango, chini kidogo, mahali mtoto anaweza kufika. Asitoboe juu.

Baba yako